Vumbi Halina Kipande

Ukitoka mjini Kakamega kuelekea magharibi, boda inakufikisha Rosterman kabla hujamaliza kujibu meseji. Hakuna lango, hakuna bango la kukuambia kwamba umefika mahali pa historia. Kuna nyumba, mashamba ya mahindi, mashimo, na mlio wa nyundo. Vijana wanashuka mashimoni na tochi kichwani, wanapandisha mawe kwa kamba na magunia. Huku juu akina mama wameketi chini na nyundo zao, wanaponda mawe hadi yawe kokoto, halafu kokoto zinaenda kwenye mashine zisagwe ziwe unga. Unga huo ndio unaooshwa kutafuta dhahabu. Siku ya jua kali unapanda hewani mweupe, unatua kwenye nyusi, kwenye kope, kwenye shuka la mtoto aliyelala kando. Jioni mtu anajipangusa, anakunywa maji, anaenda zake. Anajua vumbi ameliacha kazini.

Lile linaloonekana kweli ameliacha. Linaloua ni dogo mno kuonekana, na hilo ameenda nalo nyumbani.

Jina la mahali penyewe si la Kiisukha wala la lugha yoyote ya hapa. Ni jina la kampuni ya Wazungu, Rosterman Gold Mines, iliyochimba dhahabu chini ya ardhi hii hadi ikafunga mwaka wa 1952. Kampuni ilienda. Jina lilibaki, mashimo yakabaki, na dhahabu kidogo ikabaki ya kuwafanya watu wasiache kutafuta.

Kuhusu dhahabu ya Kakamega tumeshaambiwa mengi. Mimi nataka kuzungumzia vumbi lake, pamoja na binamu yake anayeishi juu ya nyumba za zamani za serikali: asbesto. Na nina swali moja ambalo linasikika kama la wakili, kumbe ni la historia. Mtu akiumizwa na kitu kinachongoja miaka 20 kabla ya kujionyesha, anamdai nani? Na anadai kwa karatasi gani?

*

Turudi 1931. Mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, mkulima kutoka upande wa Eldoret, anapata dhahabu karibu na Kakamega. Wakati ule uchumi wa dunia umeanguka. Bei ya mahindi na kahawa iko chini, nzige wamekula kilichobaki shambani, na walowezi wengi wana madeni benki. Hebu fikiria habari ya dhahabu inavyopokelewa na watu wa namna hiyo. Wakafunga mizigo wakaja, na kando ya mito ya Kakamega pakajaa mahema. Mwaka uliofuata serikali ilimleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, aangalie kama kweli kuna mali au ni kelele tu. Ripoti yake iliwapa matumaini.

Tatizo lilikuwa moja: ardhi ilikuwa na wenyewe. Kavirondo ya Kaskazini, kama wakoloni walivyoliita eneo hili, ilikuwa rizavu ya Waafrika, na tena ilikuwa moja ya sehemu zenye watu wengi zaidi nchini. Isitoshe, serikali ilikuwa imetoka tu kuapa. Sheria ya mwaka wa 1930 ya kulinda ardhi za wenyeji ilisema rizavu hizi ni za Waafrika milele. Ikisha kuchukuliwa sehemu yoyote, lazima sehemu nyingine ya thamani ileile iongezwe kwenye rizavu. Na kabla ya kuchukua, baraza la wenyeji liulizwe.

Hiyo "milele" ilidumu miaka miwili.

Desemba 1932, Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi lilipitisha marekebisho haraka haraka. Ardhi ikihitajika kwa uchimbaji madini, haitalipwa tena kwa ardhi. Italipwa kwa pesa. Sharti la kuliuliza baraza la wenyeji nalo liliondolewa. Katika mjadala huo, Kamishna Mkuu wa Wenyeji, afisa ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kuwatetea Waafrika, alikiri waziwazi kwamba watu hawa wataumizwa hisia, na pengine hata mila zao takatifu zitavunjwa. Alieleza pia kwa nini. Kwa desturi yao, alisema, watu hawa wana haki isiyoondoleka ya kukaa pale walipo, na sasa watahamishiwa kwenye ardhi ambayo, kwa desturi hiyohiyo, mwenyewe ana haki kamili ya kuwafukuza. Kwa hiyo alijua. Alieleza vizuri kuliko mpinzani yeyote ambavyo angeweza kueleza, kisha akaunga mkono.

Kelele zilifika London. Lord Lugard, gavana wa zamani wa Nigeria, alikuwa miongoni mwa waliolalamika, pamoja na Askofu Mkuu wa Canterbury. Februari 1933 jambo lilijadiliwa kwenye Bunge la Malodi. Watu wa Kakamega nao hawakukaa kimya. Walifika mbele ya tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kueleza hofu yao, na katika miaka hiyo kikazaliwa chama cha North Kavirondo Central Association, ambacho ardhi ilikuwa kiini cha madai yake. Lakini sheria ilikaa, na mashimo yakaendelea kuchimbwa.

Hapo ndipo fidia ilipoingia Kakamega kwa sura tunayoijua hadi leo. Ilikuwa ni hesabu ya vitu vinavyoonekana: nyumba, mahindi yaliyo shambani, miti, kipande cha ardhi kilichopimwa. Afisa anakuja, anahesabu, anaandika, analipa. Kitu kisichohesabika siku ile, kwa mfano kaburi la babu, njia ya kisimani, au haki ya wajukuu ambao bado hawajazaliwa, hakikuwa na safu kwenye lile daftari.

Vumbi nalo halikuwa na safu.

*

Maelfu ya wanaume Waafrika waliajiriwa kwenye migodi hiyo katika miaka ya 1930. Dhahabu ya Kakamega iko ndani ya mishipa ya jiwe jeupe gumu linaloitwa kwatsi, na kwatsi ni silika. Ukilichoma kwa keki ya baruti, ukalitoboa, ukalisaga, silika inageuka kuwa chembe ndogo mno zinazopita puani na kooni bila kukuwasha sana, zikatua ndani kabisa ya mapafu. Mwili unajaribu kuzimeza unashindwa. Unajenga kovu kuzunguka kila chembe. Makovu yakiwa mengi, pafu linakuwa gumu, na mtu anaanza kuishiwa pumzi kwa kupanda kilima kidogo tu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna tiba. Pia unamfungulia mlango kifua kikuu. Mtu akianza kukohoa, wengi wanafikiria TB peke yake. Anatibiwa, anapata nafuu kidogo, anarudi tena na kikohozi kilekile, na hakuna anayemuuliza alifanya kazi wapi miaka 15 iliyopita.

Je, waliokuwa wakiendesha migodi enzi hizo wangeweza kusema sayansi bado haijui? Hapana. Afrika Kusini ilianza kuwa na sheria ya fidia kwa mapafu ya wachimbaji mwaka wa 1911, na waliofaidika zaidi walikuwa wachimbaji weupe. Agosti 1930, mwaka mmoja kabla ya Johnson kupata dhahabu yake, wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Johannesburg kwa mkutano wa kimataifa wa silikosisi, chini ya Shirika la Kazi Duniani. Elimu ilikuwapo, tena katika bara hilihili.

Sasa ngoja nikuambie kitu kinachonikera kuhusu historia hii. Mwanaume Mwafrika aliyefanya kazi Kenya wakati ule alitembea na kipande. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa karibu na 1920, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tunajifunza shuleni kwamba kipande kilikuwa aibu, na ni kweli. Lakini hebu kitazame kama karatasi. Ndani yake mlikuwa na jina la mtu na alama za vidole. Mlikuwa na jina la kila mwajiri, siku aliyoanza kazi, siku aliyoachishwa, na mshahara wake.

Wakili wa leo anayemtetea mgonjwa wa vumbi angelia kwa furaha akipata karatasi kama hiyo. Ni ushahidi wote anaouhitaji isipokuwa mstari mmoja: hali ya mapafu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na uwezo wa kuandika maisha ya kazi ya mwanaume mmoja hadi tarehe. Iliandika ili imkamate akitoroka. Haikuandika ili imlipe akiugua. Kipande kilifutwa 1947, na wengi walikifurahia kifo chake, kwa haki kabisa. Ila hakikuja kitu kingine cha kumfaa mfanyakazi mwenyewe, daftari la kumwambia: ulikuwa hapa, miaka mingapi, katika vumbi gani.

*

Binamu wa pili wa hadithi hii ana historia inayokwenda sambamba, karibu mwaka kwa mwaka.

Asbesto ni jiwe pia, ila jiwe la ajabu: ukilivunja linakuwa nyuzi, kama pamba. Nyuzi hizo haziungui, hazioki, na ni imara. Viwanda vya Ulaya vilizifuma kuwa vitambaa vya kuzuia moto, na mwanzoni mwa karne ya 20 vikaanza kuzichanganya na saruji kutengeneza mabamba mepesi ya kuezekea.

Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwanamke aitwaye Nellie Kershaw alifanya kazi ya kusokota nyuzi hizo katika kiwanda cha Turner Brothers. Alipougua, daktari wake aliandika kwamba ni sumu ya asbesto. Kampuni ilikataa kumlipa, ikisema asbesto haina sumu. Alikufa 1924 akiwa na miaka 33, na kampuni ilikataa hata kuchangia mazishi. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake akachapisha alichokiona kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Mwaka wa 1930 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya Merewether na Price, waliowapima wafanyakazi 363 wa asbesto na kukuta zaidi ya robo wana makovu ya mapafu. Mwaka wa 1931 Uingereza ikatunga kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani na kuanza mpango wa fidia.

Tazama hizo tarehe. Mwaka uleule ambao London inakubali kwamba vumbi linaua mfanyakazi wa Rochdale, dhahabu inapatikana Kakamega chini ya bendera hiyohiyo. Elimu ilisafiri polepole kuliko mabamba.

Maana mabamba yalifika. Baada ya uhuru, Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Makao ya mkoa maana yake ofisi, hospitali, shule, na nyumba za walimu, polisi, manesi na makarani. Kwa miongo kadhaa, kote Kenya, asbesto ilikuwa paa la kawaida la majengo ya umma. Haikushika kutu kama mabati, haikupiga kelele mvua ikinyesha, na nyumba ilikaa baridi mchana. Wazazi wetu waliopewa nyumba hizo walijihesabu wenye bahati. Kama ulikulia kwenye kota za serikali unalijua lile paa: la kijivu, nene, lenye mawimbi makubwa na kuvu nyeusi. Pengine ulishachukua kipande chake kilichovunjika ukachorea chini kama chaki.

Tuseme ukweli bila kutisha watu bure. Paa la asbesto lililo zima, ambalo hakuna anayeligusa, hatari yake ni ndogo. Hatari inakuja likikatwa kwa msumeno, likitobolewa, likisuguliwa kwa brashi ya chuma, likianguka na kuvunjika, au likizeeka hadi kuchakaa na kumomonyoka. Wengi huogopa maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo, lakini ushahidi mzito uko upande wa pumzi, si upande wa kikombe. Uzi ukiingia kwenye pafu hautoki. Unaweza kuleta makovu kama ya silika, yaani asbestosisi. Unaweza kuleta saratani ya mapafu, na kwa mvutaji wa sigara hatari hiyo inaongezeka maradufu na zaidi. Na kuna saratani ya utando unaozunguka mapafu, mesothelioma, ambayo huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Mwaka wa 1960 J. C. Wagner na wenzake huko Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo kutoka eneo la migodi ya asbesto la Cape. Kilichowashtua wengi ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kuwa wachimbaji. Walikuwa watu walioishi jirani, wengine wakiwa watoto waliocheza kwenye vifusi.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka wa 2006, kupitia kanuni za taka za sheria ya mazingira. Jambo jema. Lakini marufuku haipandi ngazi kuteremsha paa. Mabamba yako bado juu, yamezeeka, na sasa ndio wakati wake wa kuteremshwa. Kwa hiyo kizazi kilicho hatarini zaidi si kile kilichoyaweka. Ni fundi wa miaka 22 anayepewa kazi ya siku moja: "Panda, vunja, teremsha." Sheria inataka kazi hiyo ifanywe na waliopewa leseni na NEMA, mabamba yaloweshwe maji, yasivunjwe, yafungwe kwenye plastiki nzito na kuzikwa mahali palipotengwa. Kijana wa mjengo anapewa nyundo na pesa ya lunch.

*

Kuna waliowahi kushinda. Inafaa tujue walishinda kwa nini.

Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini na familia zao waliishtaki kampuni ya Cape, ambayo ilikuwa ya Uingereza, huko kwao London. Kampuni ilisema kesi irudi Afrika Kusini. Julai 2000, Malodi, ambao wakati huo walikuwa bado mahakama ya mwisho ya Uingereza, waliruhusu zaidi ya wadai 3,000 kuendelea na kesi yao palepale. Ni nyumba ileile iliyojadili dhahabu ya Kakamega mwaka wa 1933 ikaishia kwenye maneno. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka wa 2003. Wengi walikuwa wameshakufa.

Baadaye zamu ikawa ya silika. Mwaka wa 2016 mahakama mjini Johannesburg iliwaruhusu wachimbaji wa dhahabu kushtaki kwa pamoja, na mwaka wa 2019 makubaliano ya takriban randi bilioni 5 yaliidhinishwa. Mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa waliofanya kazi migodini kuanzia Machi 1965, au familia zao. Wengi wa watu hao walitoka vijiji vya Lesotho, Msumbiji na Eastern Cape. Wanathibitishaje walikuwa mgodini mwaka wa 1974? Kwa kumbukumbu za ajira. Makampuni ya kuandikisha vibarua yalikuwa na madaftari, na madaftari hayakutupwa. Karatasi iliyotungwa kumdhibiti mtu ikageuka, nusu karne baadaye, kuwa shahidi wake.

Na hapa kwetu kuna Owino Uhuru, Mombasa. Haikuwa asbesto wala silika. Ilikuwa risasi, ile sumu ya ndani ya betri, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokaa ukutani kwa mtaa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kuuliza maswali mtoto wake alipougua. Kilichofuata ni miaka ya kupima damu, mtoto kwa mtoto, na kuhifadhi majibu. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi wa fidia hiyo mwaka wa 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Msingi wao ulikuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini katiba bila yale majibu ya damu ingekuwa hotuba tu.

Kwa hiyo ukiuliza ni nani hulipwa kwa ugonjwa unaokuja polepole, historia inajibu vivyo hivyo kila mara. Hulipwa mtu aliyeandikwa mahali.

*

Sasa rudi Rosterman, uangalie ni nani ameandikwa.

Kenya ina sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007, ile watu huiita WIBA. Inamtaka mwajiri awe na bima, na inayatambua magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Mtu akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Madai yanapitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba sheria hiyo ni halali. Sio sheria mbaya.

Ila isome tena ukiwa umekaa na wale akina mama wenye nyundo. Inasema mwajiri. Mwajiri wao ni nani? Shimo ni la mwenye shamba, kamba ni ya kikundi, mashine ni ya mtu mwingine, dhahabu inanunuliwa na wa nne. Inasema mshahara. Wao hulipwa kwa debe la mawe. Inahesabu siku: ajali ikitokea, mwajiri ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi. Ukuta wa shimo ukiporomoka, kila mtu anajua saa na dakika. Lakini vumbi linaingia Jumatatu, na Jumanne, na kila siku ya miaka 12, na hakuna siku hata moja ambayo mtu atasema: leo ndio nimeumia.

Fundi wa paa naye hana tofauti. Mkataba wake ni simu: "Kuja kesho saa moja." Baada ya miaka 30 akianza kushindwa kupumua, ile namba ya simu itakuwa ya mtu mwingine.

Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwafungulia njia ya kupata vibali na kufanya kazi kwa vyama. Wengi huongelea kibali kama njia ya kuuza dhahabu bila kukimbizana na polisi. Mimi nakiona pia kama daftari. Kikundi chenye kibali kinaweza kuwa na orodha: nani anaponda, nani anashuka, tangu lini. Kinaweza kuamua kwamba mawe yapondwe yakiwa yameloweshwa, kwa sababu maji ni kinga rahisi kuliko zote na leso puani haizuii chembe hizo. Kinaweza kuwapeleka wanachama wapigwe eksirei ya kifua kabla ya kuanza kazi, ili baadaye ijulikane pafu liliingiaje na limetokaje. Wala halihitaji Bunge la Malodi.

Na kama wewe ni mtoto wa kota, au una mzee aliyefanya kazi ya karakana, ujenzi, reli au mgodi, kazi yako ni ya mkutubi. Muulize mzee kabla hajasahau: ulikuwa wapi, miaka gani, mlikata nini, nani mwingine alikuwepo. Andika. Tafuta payslip za zamani, kadi za NSSF, barua ya kazi, ile picha ya kikundi iliyopigwa mbele ya jengo. Piga picha za hizo karatasi uziweke mahali pasipoungua. Akikohoa, mwambie daktari kazi aliyofanya hata kama hajaulizwa, na uombe iandikwe kwenye faili. Kama ni fundi wa paa, hifadhi hata ile meseji ya kuitwa kazini na ya malipo. M-Pesa ina tarehe, ina jina la aliyetuma. Huenda isitoshe mahakamani peke yake. Lakini ni zaidi ya alichokuwa nacho mchimbaji wa 1936 siku kipande chake kilipotupwa.

Maana hilo ndilo lililotokea Kakamega. Kampuni ya Rosterman ilipofunga 1952, hesabu zake zilifungwa nayo. Dhahabu ilikuwa imepimwa hadi aunsi ya mwisho. Ardhi ilikuwa imepimwa kwa futi. Waliotoka chini ya ardhi na mapafu magumu walirudi nyumbani Idakho na Isukha, wakakohoa, wakaambiwa ni baridi, ni tumbako, ni mkono wa mtu. Walizikwa kwenye mashamba yaleyale yaliyokuwa yamejadiliwa London, na hakuna aliyedai chochote kwa niaba yao, kwa sababu hakukuwa na cha kuonyesha.

Saa kumi na moja jioni nyundo zinaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mama mmoja anainuka, anakung'uta leso, anamfunga mtoto mgongoni kwa leso ileile. Kesho asubuhi atarudi. Tangu lini anakuja hapa? Hilo kwa sasa liko kichwani mwake tu.